Protini Iliyochujwa

Nemish alizaliwa mwembamba, akakua mwembamba, na kwa juhudi kubwa za familia yake akabaki mwembamba hadi alipokaribia miaka thelathini. Si kwamba hawakumlisha. Katika nyumba yao samli humiminwa kana kwamba kesho ng'ombe wote watagoma. Mama yake, Urmilaben, bado humfuata na sahani hadi mlangoni, na huyo anayefuatwa ana ndevu. Lakini chakula kilipita ndani ya Nemish kama abiria anayebadilisha treni: kiliingia, kikatazama huku na huku, kikaondoka bila kuacha hata mzigo.

Mtaa wetu ni wa zile nyumba za kale za Ahmedabad zilizobanana nyuma ya lango moja. Dirisha la jiko langu linatazamana na la kwao, na kati yetu pana nafasi ya kamba moja ya kuanikia nguo. Mengi ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu. Yale ambayo sikuyaona nilisimuliwa kabla sijauliza.

Nemish hakuwa na shida ya kuoa wala ya kuvaa fulana za kubana. Alitaka jambo moja tu, kubeba machela. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Bwana Mahavir, mwalimu mkuu wetu sisi Wajaini, sanamu yake hutolewa hekaluni, ikapandishwa kwenye machela ya fedha, na vijana wa mtaa wakaizungusha mji wa kale mabegani. Babu yake aliibeba. Baba yake, Navinbhai, aliibeba hadi mgongo ulipomwambia basi. Baada ya hapo upande ule wa mti wa machela ulikuwa wa Nemish kwa haki, na kwa haki hiyohiyo alinyang'anywa.

Aliyemnyang'anya ni Vadilalbhai, mkuu wa kamati ya hekalu, mtu ambaye yeye mwenyewe hajawahi kubeba kitu kizito kuliko tumbo lake. Kila mwaka, kabla ya sherehe, Vadilalbhai huweka magunia ya ngano juu ya machela tupu na kuwazungusha vijana uani. Mwaka ule Nemish alipoingiza bega chini ya mti, machela iliinama upande wake kana kwamba imeangusha pete na inaitafuta.

"Mwanangu," alisema Vadilalbhai mbele ya watu wote, "wewe utashika usinga."

Kazi ya mshika usinga ni kutembea kando ya machela akimpepea Bwana kwa manyoya meupe. Ni heshima kubwa. Hivyo ndivyo anavyoambiwa kila anayepewa.

Mvua zilipokwisha, Nemish alijiandikisha kwenye jimu ya Altafbhai, iliyo katika banda la kiwanda cha nguo kilichokufa zamani. Altafbhai aliwahi kuwa bingwa wa misuli wa wilaya, na picha ya siku hiyo imejaa ukuta mzima ili wateja wasisahau. Alimpima Nemish kwa macho kutoka juu hadi chini. Haikumchukua muda.

"Vyuma nitakupa mimi," alisema. "Lakini misuli haijengwi kwa upepo. Asubuhi mayai sita."

"Hatuli mayai."

"Kuku, basi. Kidari tu, hakina mafuta."

Nemish alimtazama kwa huzuni.

"Samahani, nimesahau mko vipi. Viazi vitamu? Hivyo ni mmea tu, ndugu yangu, havina mama."

"Vinachimbwa chini. Ukivuta mzizi unaua mmea wote na viumbe vyote vilivyoushikilia."

"Na karanga je?"

"Karanga tunakula."

"Si zinachimbwa chini?"

"Lakini siyo mizizi."

Altafbhai alifumba macho kidogo. "Asali kwenye maziwa?"

"Ya nyuki ile."

"Najua ni ya nyuki! Sijasema ya tembo! Haya, usiku kabla ya kulala, bilauri ya maziwa."

"Jua likizama hatuli. Hata maji."

"Kaka," alisema Altafbhai akimwekea mkono begani kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba, "wewe unataka misuli au unataka kuwa malaika? Maana njia ya pili umeshafika mbali."

Wakakubaliana kwamba dengu, maziwa, karanga na jibini vitafanya kazi yake, ila polepole. Nemish hakuwa na polepole. Alitaka bega kabla ya machela. Ndipo Altafbhai akatoa kopo jeusi kubwa kama ndoo, lenye picha ya mtu ambaye shingo yake ilishahama. Ndani mlikuwa na unga wa protini uliotengenezwa kwa yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa. Ni maziwa tu, alisema Altafbhai. Hakuna yai, hakuna mfupa, na nukta ya kijani ya wasiokula nyama hiyo hapo. Kila asubuhi kijiko kimoja kwenye maji baridi, tikisa, kunywa, na kufikia sherehe hata hilo tumbo la Vadilalbhai utalibeba.

Alilolisahau Altafbhai ni kwamba jiko la nyumba ile lina mwenyewe.

Mwenyewe ni Bibi Champaben, mama yake Navinbhai. Wakati huo alikuwa amekaribia miaka themanini na amebaki mifupa na maoni. Mwaka mzima hakuwa ameshuka mtaani. Alisogea kati ya kitanda na jiko kwa kushika ukuta, na daktari kijana aliyeletwa kumwona alisema magoti hayana neno, ni nyama ya mapaja inayoisha. Katika umri ule isipolishwa inayeyuka.

"Bibi anahitaji protini," daktari alisema. "Maziwa zaidi, dengu zaidi, hata ule unga wa kopo wanaotumia vijana. Na atembee."

"Daktari," Bibi akajibu, "mimi najiandaa kuuhama mwili huu. Wewe unaniambia ninunue samani mpya?"

Alikuwa ameweka nadhiri ya kula aina chache za chakula kwa siku, na kila mwaka alipunguza moja. Asubuhi alikula khakhra, ule mkate mkavu mwembamba kama karatasi, na maji ya moto. Urmilaben alilia, Navinbhai akakasirika, mimi nikapeleka supu. Bibi alitubariki wote na kuendelea kunyauka kwa amani.

Kopo la Nemish lilipoingia, lilikaa barazani siku mbili likichunguzwa kama bwana harusi asiyejulikana kwao. Bibi aliitazama ile nukta ya kijani kwa miwani, kisha bila miwani.

"Nukta hata mimi naweza kuchora," alisema. "Twende kwa Mtukufu."

Kwa hiyo tulikwenda kwa mtawa mkuu wa kike aliyekuwa akipumzika mtaani msimu ule, Nemish mbele na kopo lake kifuani, Bibi akiwa amebebwa kwenye kiti na watoto wa jirani, mimi na Urmilaben nyuma. Mtawa huyo hana kiatu, hana nyumba, na nywele zake huzing'oa kwa mkono. Aliitazama kwa muda ile picha ya mtu asiye na shingo.

"Watu huja kwangu kuuliza namna ya kuupunguza mwili," alisema. "Wewe umekuja kuomba ruhusa ya kuuongeza?"

"Ni kwa ajili ya machela ya Bwana, Mtukufu."

Mtawa alitabasamu kidogo sana. Watawa wale hawaruhusiwi kupoteza kitu, hata tabasamu. Akauliza ule unga umetokana na nini, akaambiwa ni maziwa. Akauliza kama maziwa hayo yalichemshwa, na hakuna aliyejua. Basi akatoa uamuzi. Unga utumike, ila usichanganywe na dengu wala karanga, maana maziwa yasiyo na uhakika hayakai na kunde tumbo moja. Uchemshwe kwanza. Unywewe nyumbani tu, mara moja kwa siku, jua likiwa juu. Na Nemish aweke nadhiri papo hapo kwamba hatauonja popote pengine mpaka siku ya sherehe ipite, ili tamaa isije ikamea pamoja na misuli.

Nemish akakunja mikono na kuweka nadhiri. Angeombwa, angeweka hata nadhiri ya kulala kichwa chini.

Tangu siku hiyo kila asubuhi niliona kazi ileile dirishani. Bibi alishika ukuta hadi jikoni, akachemsha maji, akamwaga kijiko cha unga ndani yake na kukoroga mpaka ukatokota vizuri. Kisha akauchuja. Katika jiko lile kila kinachomiminika hupita kwenye kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili, hata mvua ingeomba kuingia ingechujwa kwanza, maana huwezi kujua ni kiumbe gani kidogo kinaogelea humo. Nemish alipewa bilauri ya maji ya moto yenye rangi ya ukungu, akayanywa kwa macho yaliyofumbwa, akashukuru, akakimbilia duka la baba yake kufunua na kukunja sari za harusi hadi jioni. Baada ya hapo alikwenda kwa Altafbhai kunyanyua vyuma.

Alinyanyua kwa imani. Diwali ikaja ikapita. Bega la Nemish lilibaki pale lilipokuwa, labda lilikaza kidogo, kama mlango unaofungwa vizuri zaidi kuliko zamani.

"Unakunywa kweli?" Altafbhai alimwuliza.

"Kila siku. Kopo la pili hili."

"La pili! Kaka, nimemwona mbuzi akila gazeti akanenepa kuliko wewe."

Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo. Urmilaben alisema ni jicho baya. Navinbhai alisema ni jimu yenyewe, mtu mwenye akili habebi chuma asichokiuza. Vadilalbhai alipopita alimgusa Nemish mkono kwa vidole viwili, akasema usinga unasafishwa, utakuwa tayari.

Kisha ikaja sikukuu ya vishada, Uttarayan, siku ambayo mji mzima huhamia juu ya paa. Vijana wetu walikuwa juu ya nyumba ya Navinbhai wakirusha, wakikatana nyuzi, wakipiga kelele. Mimi nilikuwa kwenye paa langu nikimenya machungwa. Mara kelele zikakatika upande wa kwao. Nikageuka.

Bibi Champaben alikuwa amesimama juu ya paa. Kutoka jikoni hadi pale ni ngazi za mbao zilizosimama wima kama ngazi ya kupigia chokaa, ghorofa baada ya ghorofa. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyemwona akipanda.

"Nani kapaka uzi wake unga wa chupa?" aliuliza. Hakuwa hata anahema sana. "Njiwa ameanguka dirishani kwangu, bawa limekatwa. Nani?"

 Vijana walikuwa bado wanahesabu ngazi vichwani mwao.

"Nimeuliza!"

"Bibi," alisema Nemish, "umefikaje huku?"

"Kwa miguu, mpumbavu wewe. Ulitaka niruke kama hiki kishada chako?"

Akawanyang'anya uzi wote uliopakwa chupa, akauviringisha mkononi, akashuka nao.

Kila mtu alilisimulia jambo hilo kama muujiza, na muujiza ulipata wenyewe haraka. Urmilaben alikuwa ameomba. Navinbhai alikuwa ametoa samli hekaluni. Yule daktari alipewa shukrani kidogo kwa sababu ushauri wake haukufuatwa. Tulipoanza kukumbuka nyuma, ikaonekana kwamba tangu Diwali Bibi alikuwa ameacha ukuta. Alikuwa anachota maji yake mwenyewe. Alikuwa anashuka barazani kugombana na muuza mboga, na sote tuliona, tukafikiri muuza mboga ndiye aliyepandisha sauti.

Kesho yake ilikuwa bado sikukuu na duka limefungwa. Nemish hakukimbia. Alikaa jikoni, na kwa mara ya kwanza akaona kinachotokea baada ya bilauri yake kujaa.

Kitambaani palikuwa pamebaki donge jeupe, kubwa kama ngumi, laini na lenye kunepa kidogo kama mpira. Bibi alilikamua, akaliweka kwenye bakuli la shaba, akaongeza sukari guru na samli, akaliponda, akafinyanga maladu mawili.

"Bibi, hiyo nini?"

"Makapi yako."

"Unayafanyia nini?"

"Nayala. Nifanyeje? Niyatupe, vijidudu vizaliane humo, halafu dhambi niibebe mimi?"

"Kila siku?"

"Unga wako kila siku, makapi yako kila siku. Wewe majani ya chai unayatafuna? Hutafuni. Nguvu imeshashuka kwenye maji. Nimekuachia nguvu yote, mimi nakula takataka. Kunywa, yasipoe."

Nemish alivuka kuja kwangu na ladu moja mkononi, amelishika kama ushahidi. Mimi ninafundisha mapishi na lishe katika chuo cha wasichana, na pale mtaani elimu hiyo hukumbukwa mtu akivimbiwa, hata na mimi mwenyewe niliyekuwa nikitazama dirishani.

"Shangazi," alisema, "niambie ukweli. Nguvu iko wapi?"

Nililivunja ladu, nikatazama. Unga wa maziwa wa namna ile ukichemshwa kwenye maji hugandamana kama yai linavyoganda. Kinachobaki kwenye maji ni ladha na matumaini.

"Umelishika mkononi," nikamwambia.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa. Miezi minne, makopo mawili, bingwa wa wilaya mzima na mtawa mtukufu, wote walikuwa wamefanya kazi usiku na mchana kujenga mapaja ya ajuza. Nemish alisubiri nimalize. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama dirishani, ambako Bibi alikuwa ameinama kuokota kijiko kilichoanguka, na akainuka bila kushika kitu.

"Mpaka sherehe imebaki miezi mitatu," alisema. "Altafbhai anasema miezi mitatu nikila sawasawa inatosha. Bega litakuja."

"Basi mwambie asichuje. Mtukufu alisema uchemshwe. Kuchuja hakutaja."

"Na yeye atakula nini?"

"Mwambie ale unga wake mwenyewe. Muda umefika aambiwe ukweli."

Nemish alinitazama kama mtu aliyehamia mtaani jana. Sote wawili tulimjua Bibi. Kama angeambiwa kwamba yale makapi ndiyo chakula, yangekuwa chakula, na chakula kile hakikuwamo katika vile vichache alivyojiruhusu. Angeacha siku hiyohiyo, na pengine angefunga siku tatu zaidi kutubu kwa yote aliyokwisha kula. Alikubali kuishi kwa sharti kwamba anakula takataka.

Hata hivyo Nemish ni binadamu, na machela alikuwa ameiota tangu utotoni. Asubuhi iliyofuata nilimsikia akisema, "Bibi, leo usinichujie. Nitakunywa pamoja na makapi."

"Yatakukwama kooni."

"Altafbhai ndivyo anavyotaka."

"Altafbhai anywe na mawe kama anataka. Shauri yako."

Nemish alikula madonge yake kwa kijiko, yakiteleza mdomoni kama kifutio cha shule kilichochemshwa. Ng'ambo ya meza Bibi aliketi na khakhra yake moja. Hakukuwa na donge, kwa hiyo hakukuwa na ladu. Hakuuliza wala hakulalamika. Alivunja khakhra vipande vidogo na kula kimoja kimoja, kisha akamimina maji kwenye sahani, akazungushia kidole mpaka chembe zote zikaingia majini, akayanywa, sahani ikawa safi.

Ikawa hivyo asubuhi ya pili, na ya tatu. Niliiona sahani ile kutoka kwangu, na nilikuwa mbali kuliko Nemish.

Mwisho wa juma Altafbhai alimshika mkono wa juu, akabonyeza, akapiga mluzi. Pengine ilikuwa huruma, pengine kweli kulikuwa na kitu. Nemish alirudi nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyepewa cheo na kesi kwa pamoja. Kesho yake asubuhi akasimama jikoni.

"Bibi, nichujie."

"Si nilikwambia? Yamekukwama."

"Yamenikwama."

"Jiko hili limeona vijana wengi wabishi. Lete bilauri."

Hayo ndiyo yote yaliyosemwa. Akanywa maji yake ya ukungu, akashukuru, akaenda dukani. Nadhiri ilimzuia kula unga mahali pengine, na hakuitafutia tundu. Kwa Altafbhai alizidisha vyuma, akazidisha dengu kwa karanga mchana, jibini na maziwa kabla ya jua kuzama. Alifanya yote yale ya polepole, ambayo kila mtu mwenye akili anayajua na hakuna anayeyawekea picha kwenye kopo. Altafbhai aliacha kumwuliza kuhusu unga. Nadhani alihofia kwamba jibu lingeharibu biashara.

Siku ya kupimwa, ua wa hekalu ulijaa. Magunia ya ngano yakapandishwa kwenye machela. Nemish akaingiza bega, wakainua watu wanne, wakazunguka. Na aliizungusha. Kweli kabisa aliizungusha, mishipa ya shingo imesimama, miguu inatetemeka, lakini hakuiachia hata hatua moja. Machela iliinama upande wake kidogo, kama mtu anayesikiliza kwa makini.

Vadilalbhai alifikiri. Alipenda sana kufikiri mbele za watu.

"Mwaka huu imeinama kwa adabu," alisema. "Lakini imeinama. Bwana hawezi kuzungushwa mji mzima ameegemea, watu watasema ametoka kwenye karamu. Mwakani, mwanangu. Usinga uko tayari."

Nilimtafuta Nemish kwa macho, nikamwona anasugua bega palipokuwa pamebabuka, kisha akaenda kuchukua usinga kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Mambo mengi hupatikana kwa mikono miwili na bado si yale uliyoyataka. Niliondoka kabla hajanifikia.

Siku ya sherehe ngoma zilianza mapema. Wanawake hutangulia mbele ya machela, wale walio wakubwa wakibeba kichwani chungu cha shaba kilichojaa maji na nazi juu yake. Chungu cha nyumba ya Navinbhai mwaka uliotangulia kilibebwa na Urmilaben, aliyekimwaga mara mbili. Mwaka huu Bibi Champaben alishuka ngazi amevaa sari yake nyekundu ya kale, akamnyang'anya mkwewe chungu bila maneno, akakiweka kichwani.

"Mama, ni njia ndefu," Urmilaben alisema. "Jua kali. Utaanguka."

"Nikianguka mtanipita. Songa."

Hakuanguka. Alitembea mji wa kale mzima, mgongo umenyooka, akiimba nyimbo ambazo wengine walikuwa wamesahau beti zake, na kila alipogeuka kuangalia kama machela inafuata, alimkuta mjukuu wake kando ya sanamu akipepea. Nilikuwa nyuma kidogo. Nilimwona Nemish akimtazama yule ajuza muda mrefu kuliko alivyomtazama Bwana, na nadhani Bwana alivumilia. Kwenye kona ya soko la vyombo wabebaji walibadilishana mabega, na mmoja wao, kijana wa mwuza samli mwenye mikono kama mihimili, akasema, "Nemish, shika hapa kidogo nifunge kilemba." Nemish akatia bega. Ilikuwa kwa muda wa kufunga kilemba. Kilemba kikafungwa.

Tuliporudi hekaluni, Bibi alitua chungu, akaketi kwenye kizingiti na kumwita Vadilalbhai, aliyekuwa anajifuta jasho la kutembea mikono mitupu.

"Wewe Vadilal, mjukuu wangu umempa unyoya tena?"

"Bibi, mwili wake bado. Amekunywa ule unga miezi yote hii, lakini..."

"Unga!" Bibi alipiga goti lake kwa kofi, na goti likaitika. "Tangu mwanzo nilisema ule unga ni utapeli. Niangalie mimi. Sijautia mdomoni. Nakula makombo tu, na nimebeba chungu kutoka langoni hadi langoni. Nemish! Njoo hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Umeona faida yoyote?"

Nemish alikuwa bado ameshika usinga. Aliutazama, akautikisa vumbi.

"Kidogo," alisema. "Naomba tuendelee mwaka mmoja tena. Nadhani unga unataka muda."

"Mwaka mzima tena nikuchemshie na kukuchujia?"

"Tafadhali, Bibi."

Bibi alitutazama mmoja mmoja, Vadilalbhai, Urmilaben, mimi, akitafuta mwenye akili wa kumsaidia kumshangaa mtoto huyu. Hakumpata. Akajinyanyua kutoka kizingitini bila kushika ukuta, akatikisa kichwa.

"Kichwa kigumu kama cha babu yake," alisema. "Haya. Kalete kopo."